Gazeti la Mathrubhumi na Harakati za Uhuru katika Malabar

Ni desturi ya wanahistoria kupima ujasiri wa gazeti katika nchi iliyotawaliwa kwa kuhesabu mara ngapi lilifungwa na serikali. Kipimo hicho hakitoshi, na Mathrubhumi, gazeti la lugha ya Kimalayalam la mji wa Kozhikode, kusini-magharibi mwa India, latuonyesha sababu.

Jina lake lina maana ya "nchi mama". Toleo la kwanza lilitoka tarehe 18 Machi 1923, mwaka mmoja kamili baada ya Gandhi kuhukumiwa kifungo cha miaka 6. Maasi ya Malabar ya mwaka 1921 yalikuwa yamezimwa kwa damu, na wafuasi wa chama cha Congress wameingiwa na hofu. K. P. Kesava Menon, mhariri wa kwanza, pamoja na K. Madhavan Nair, waliona kwamba chama kisicho na gazeti katika lugha ya wenyeji ni chama bubu. Mtaji ulipatikana kwa kuwauzia watu hisa, nalo gazeti likawa linatoka mara 3 kwa juma.

Mtihani mkubwa ulikuja mapema. Huko Vaikom, katika ufalme wa Travancore, watu wa matabaka yaliyohesabiwa kuwa ya chini walikatazwa kupita katika barabara zinazozunguka hekalu. Gazeti liliwatetea, na Menon akatiwa gerezani Aprili 1924. Tuzingatie uzito wa jambo hili: kumlaumu Mwingereza kuliwapendeza wasomaji wengi, kumwambia msomaji wa tabaka la juu kwamba yeye mwenyewe anamdhulumu jirani yake kulihitaji moyo mwingine. Mwaka 1925 barabara zilifunguliwa, isipokuwa ile ya mashariki.

Mathrubhumi likawa gazeti la kila siku tarehe 6 Aprili 1930, siku ile ile Gandhi alipovunja sheria ya chumvi huko Dandi. Mwaka uliofuata K. Kelappan, ambaye naye alipata kuwa mhariri wake, aliongoza madai ya kufunguliwa kwa hekalu la Guruvayur.

Mjini humo humo, mwaka 1924, Muhammad Abdurahiman alianzisha Al-Ameen, gazeti la Waislamu waliofuata Congress. Lilinyamazishwa mwaka 1939 kwa kupinga vita vya Waingereza. Mathrubhumi lingali likichapishwa.