"Mustapha": wimbo wa Freddie ambao wengi hawaujui



Wiki tatu kabla ya harusi ya kaka yangu, bibi harusi alinijia na simu mkononi. Rafiki wa kaka, shabiki mkubwa wa kundi la Queen, alitaka "Mustapha" upigwe ukumbini, eti kwa kuwa ndani yake limo jina la Allah na Freddie Mercury ni mtoto wa Unguja. "Wifi, unafaa kweli?"

Sikumjibu palepale.

Wimbo huu ndio unaofungua albamu ya Jazz ya mwaka 1978 (jazi ni jina tu, muziki wenyewe ni roki). Ameutunga Freddie mwenyewe. Albamu ilirikodiwa Ufaransa na Uswisi, na ilipotoka baadhi ya wahakiki waliiponda vibaya. Kilichobaki midomoni mwa watu ni "Don't Stop Me Now" na "Bicycle Race". "Mustapha" ukaonekana kichekesho cha dakika tatu. Lakini Freddie hakuuacha. Katika maonyesho ya mwaka 1979 alikuwa akiuimba mwanzo wake kisha anaingia "Bohemian Rhapsody", na imo katika santuri ya Live Killers. Mashabiki hadi leo wanaurudia, wakibishana maneno yake yana maana gani.

Maneno yenyewe ni mchanganyiko: Kiingereza kidogo, Kiarabu kidogo, na mengine sauti alizobuni tu. Utalisikia jina la Allah, la Ibrahim, na salamu yetu. Anayetafuta dua humo hataipata.

Na tuseme kweli, Freddie hakuwa Muislamu. Farrokh Bulsara alizaliwa hapa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, wazazi wake Waparsi wa dini ya Zoroasta, baba yake mtunza fedha wa mahakama wakati wa Waingereza. Akiwa na miaka minane hivi alipelekwa skuli ya bweni India. Alirudi 1963, na mwaka uliofuata, baada ya Mapinduzi, familia ikahamia Uingereza. Lakini anayelelewa Mji Mkongwe, awe wa dini gani, adhana inamfikia mara tano kwa siku. Ile sauti ya kuvutwa mwanzoni mwa wimbo, mimi naamini hakuiokota Uswisi.

Linaloniuma ni jina. Mustafa ni sifa ya Mtume wetu (s.a.w.), na humu linazungushwa kama pia. Hata hivyo kejeli siisikii. Namsikia mtu aliyebaki na sauti bila maana, kama sisi chuoni tulipokuwa tukisoma kwa nguvu aya ambazo hatujui zinasema nini.

Hayo ni ya kusikiliza nyumbani. Ukumbini watu watalichezea jina la Allah viuno, na hilo nilimwambia wifi yangu wazi: hapana. Rafiki wa kaka alinuna siku mbili.

Siku ya hina tuliusikiliza tena, simu juu ya mto, mikono ya bibi harusi haijakauka. Bibi yake alikuwa pembeni na tasbihi. Akainua kichwa. "Huyo anaadhini au anaimba?"

Tukatazamana. Wifi akaniomba nimzimie simu, maana yeye mikono ilikuwa na hina.