Kiwambo Kinapopepesa na Kinaporaruka

Ukiwa Thika au Ruiru, umeme ni stima. Neno lenyewe ni la Kiingereza, na lilitufikia likitaja meli ya mvuke. Wakenya ndio tuliolihamishia kwenye taa. Kinaya ni kwamba stima ya Ruiru haikuhitaji mvuke. Mwanzoni mwa karne ya 20 maji ya Mto Ruiru yaliizungusha mitambo iliyoipa Nairobi umeme, na katika miaka ya 1920 kituo cha Ndula, kwenye Mto Thika, kikafuata.

Basi lugha iliyothubutu kuupa umeme jina la meli inashindwaje na skrini? Kijana mwenye kifaa cha gemu cha mkononi atakwambia tu, "skrini inacheza." Inacheza vipi? Hapo kuna kasoro mbili zisizo na undugu.

Ya kwanza ni mwanga au picha kuja na kutoweka upesi upesi. Wengi wangekimbilia kumetameta. Mimi sikubali. Nyota humetameta, dhahabu humeta. Hizo ni sifa. Kinachofaa ni kupepesa, kitendo cha jicho. Game Boy ya Nintendo, iliyotoka Japani mwaka 1989, ilipepesa kwa sababu inayoeleweka: haikuweza kuchora zaidi ya vitu 10 vinavyosogea katika mstari mmoja wa skrini. Vikizidi, watunzi wa gemu walivionyesha kwa zamu, hiki sasa, kile baadaye kidogo, na mchezaji akaona adui anakuja na kupotea kama mzuka.

Ya pili ni picha kukatika: juu onyesho la zamani, chini jipya, na ukuta ulionyooka unaonekana umevunjika kiunoni. Skrini huchorwa mstari baada ya mstari, aghalabu mara 60 kwa sekunde. Kifaa kikileta picha mpya kabla mchoro haujamalizika, vipande viwili hukutana visioane. Waingereza husema picha imeraruka, na hapa Kiswahili kinawazidi kwa asili ya maneno. Kiwambo, jina letu la skrini, limetokana na kuwamba, yaani kuikaza ngozi juu ya ngoma. Kilichowambwa ndicho huraruka!

Msidhani huu ni ubishi wa walimu. Mwambie fundi wa Thika kwamba skrini imepasuka, naye atawaza kioo, na kioo kipya ni pesa zako. Kumbe picha ikiraruka kioo ni kizima. Tafuta kwenye mipangilio ya gemu mahali pa kuilazimisha picha mpya isubiri mchoro ukamilike. Kikipepesa, hapo mpe fundi akifungue: huenda ni waya uliolegea. Ila kwanza ongeza mwangaza, kwani baadhi ya skrini hupunguza mwanga kwa kuuwasha na kuuzima haraka.