Mkutano wa Alcoholics Anonymous

Mkutano wa Alcoholics Anonymous (kifupi: AA) ni kikao cha watu wanaosaidiana kuacha pombe. Ushirika huo ulianzishwa mwaka 1935 mjini Akron, Ohio, nchini Marekani, na Bill Wilson pamoja na daktari Bob Smith, ambao wote wawili walikuwa wamesumbuliwa na ulevi.

Sharti pekee la kujiunga ni nia ya kuacha kunywa. Hakuna ada, gharama za ukumbi hutokana na michango ya hiari ya wanachama. Mikutano ya wazi hupokea mtu yeyote, wakiwemo ndugu. Ile ya faragha ni ya wenye tatizo la pombe tu. Mgeni hujitambulisha kwa jina la kwanza, na anaweza kusikiliza bila kusema lolote. Mkutano mmoja usipomfaa, hujaribu mwingine.

Ratiba hupatikana katika tovuti za AA. Baadhi ya mikutano hufanyika kwa intaneti.

Mikutano haichukui nafasi ya tiba. Mtu aliyezoea kunywa sana akiacha ghafla anaweza kupatwa na degedege au kuchanganyikiwa, hata kufa. Hivyo anapaswa kumwona daktari kwanza.