Kwani ya Nairobi, kwani ya Mvita

Nakala niliyo nayo ni ya mtumba. Nene kama tofali, mgongo umechanika, na pembeni mwa jalada pana duara la kikombe cha mtu nisiyemjua. Nilikuwa nayo kwenye kibanda cha chai hapa Matsangoni, mahamri na mbaazi mbele yangu, malori ya Malindi yakipita, alipoketi kijana wa bodaboda akaivuta upande wake. Akasoma jalada kwa sauti: "Kwani?" Akangoja.

"Kwani nini, mwalimu?"

Nikamwambia ndilo jina lenyewe, limeishia hapo. Akafungua katikati, akatazama kidogo. "Ala! Kumbe ni Kizungu."

Huku pwani "kwani" ina kazi mbili. Mama humwambia mwanawe asiende kuoga Mida, kwani maji yanajaa. Mtoto akijibu, "Kwani mimi mdogo?", neno ni lilelile ila limeota miiba. Nairobi kazi ile ya kwanza, ya kutoa sababu, karibu wameisahau. Wamebaki na miiba. Na mwaka 2003 wakalipa jarida la fasihi jina hilo, pamoja na alama yake ya kuuliza.

Mwanzo wake ni hivi. Julai 2002 Binyavanga Wainaina, mzaliwa wa Nakuru wa 1971, alishinda Tuzo ya Caine ya fasihi ya Afrika, dola 15,000, kwa simulizi ya safari iitwayo "Discovering Home". Ilikuwa imetoka kwenye jarida la mtandaoni la ng'ambo. Wachapishaji wakubwa wa Kenya walikuwa wakiishi kwa vitabu vya shule, na mtu mwenye hadithi ya kurasa ishirini, isiyo ya mtihani wala ya kufundishia tabia njema, hakuwa na mlango wa kubisha.

Mlango ulikuwa bustanini. Ali Zaidi, mhariri wa gazeti la The EastAfrican, alizoea kuwakaribisha watu kwenye bustani ya nyumba yake: waandishi wa habari, watengeneza filamu, wachoraji, na wale ambao kazi yao kubwa ilikuwa kubishana. Huku tungesema ni baraza, imepungua kahawa tu na bao. Desemba ya mwaka uleule KANU, iliyotawala tangu uhuru wa 1963, ikashindwa uchaguzi. Mji ulikuwa umelewa matumaini, na watu waliozoea kunong'ona wakaanza kupaza sauti. Toleo la kwanza la Kwani? likatoka mwaka uliofuata, Binyavanga akiwa mwanzilishi, kwa kazi ambayo nyingi ilikuwa ya kujitolea: mtu anaandika, mwenzake anahariri usiku baada ya ajira yake ya mchana, na anayemjua mchapaji anakwenda kubembeleza.

Humo mlikuwamo "Weight of Whispers" ya Yvonne Adhiambo Owuor, hadithi ya ukoo wa kifalme wa Rwanda uliogeuka wakimbizi jijini Nairobi. Mwaka huohuo ikatwaa Tuzo ya Caine. Mwaka 2004 Parselelo Kantai naye akaingia kwenye orodha ya mwisho ya tuzo hiyo kwa hadithi ya Kwani?. Wahadhiri kadhaa walikunja uso: Kiingereza hakikunyooka, Sheng imejaa, heshima iko wapi? Mimi nadhani kilichowaudhi hasa ni kwamba hakuna aliyewaomba ruhusa.

Wenye jarida walipenda kukumbusha kwamba mwaka 1965 mwandishi Taban lo Liyong aliililia Afrika Mashariki kuwa ni jangwa la fasihi. Hapo ndipo mtu wa pwani hukohoa kidogo. Mwaka 1966, mmoja tu baada ya kilio hicho, tungo za Ahmad Nassir Juma Bhalo wa Mombasa zilichapishwa Marekani. Diwani yake, Malenga wa Mvita, ikaja 1971. Mshairi Abdilatif Abdalla alifungwa 1969 kwa karatasi iliyoitwa Kenya: Twendapi?, akatunga akiwa gerezani, na Sauti ya Dhiki ikatoka 1973. Jangwa hilo lilikuwa la Kiingereza.

Hata hii kazi ya kukusanya maneno ya wenzako haikuanzia bustanini. Muyaka bin Haji, mshairi wa Mvita, yaani Mombasa, alifariki 1840, miaka michache tu baada ya Wamazrui, watawala wake, kupokonywa mji, wengine wakahamia Takaungu, mwendo mfupi kusini ya hapa tulipo. Muyaka hakuacha kitabu. Aliacha mashairi vichwani mwa watu, mengi yakiwa majibu kwa washairi wa Lamu na kwingineko, na jibu bila swali lake hupotea upesi. Aliyeyaokoa ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi. Aliyatafuta kwa waliokuwa bado wanayakumbuka, akayaandika kwa hati za Kiarabu, na akamsaidia mmisionari William Taylor kuyaelewa. Sikujua alikufa 1890. Karatasi zikasafiri na Taylor, zikamfikia William Hichens, na diwani ikachapishwa Johannesburg mwaka 1940, karne nzima baada ya mwenye tungo kuzikwa. Maandishi yenyewe yako London. Mtoto wa Mvita akitaka kuzishika karatasi za Sikujua, aanze na viza.

Kwani? haikungoja karne. Fedha za wafadhili zilikuja, Ford Foundation ikiwamo, na baraza likawa taasisi yenye ofisi. Wengine husema hapo ndipo utamu ulipopungua. Mimi sikubali kabisa. Baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, jarida lilitoa toleo la tano kwa juzuu mbili, likirekodi sauti za watu wa kawaida wakati wanasiasa wakigawana vyeo. Kazi hiyo isingewezekana kwa watu wa kujitolea usiku, baada ya ajira ya mchana. Mwaka 2013 shindano lake la miswada likamwibua Jennifer Nansubuga Makumbi wa Uganda na riwaya yake Kintu. Toleo la saba, la Wakenya walio ng'ambo, liliitwa Majuu. Kwa hiyo hata jina la pili walikuja kuazima kwetu, au kwa makanga wa matatu, ambao ni walezi wa lugha kuliko tunavyopenda kukiri.

Matoleo yalifika manane, kisha yakaadimika. Binyavanga alifariki Nairobi, Mei 2019, akiwa na miaka 48.

Kijana wa bodaboda alikuwa bado anafunua. Nilidhani anatafuta picha. Kumbe amefika kwenye ukurasa wa Sheng, na sasa anausoma kwa sauti, matamshi yake ya Kigiriama yakiikata Sheng ya Eastlands vipandevipande. Mama wa mahamri akaacha kukanda ili asikie. Mahali fulani akacheka, akarudia mstari, akamtafsiria mama kwa Kigiriama, mama naye akasema hilo si jambo la kuandikwa kitabuni.

Abiria akapiga mluzi ng'ambo ya barabara. Kijana akakunja pembe ya ukurasa.

"Mwalimu, usimuuzie mtu. Narudi."