Simu ya "huduma kwa wateja": jinsi ya kulinda pesa zako za M-Pesa na benki

Simu inaingia saa mbili asubuhi, mama yuko jikoni anageuza mahamri. Mpigaji ana sauti ya upole, anamtaja kwa majina yake matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho, na anasema anapiga kutoka huduma kwa wateja. "Mama, laini yako haijasajiliwa sawasawa. Isipothibitishwa sasa hivi itafungwa na pesa zako zitazuiwa. Usikate simu, nitakuelekeza." Dakika kumi baadaye akaunti haina kitu, na juu ya hapo kuna deni la Fuliza ambalo mama hakulikopa.

Ni wachache Pwani, kuanzia Lamu hadi Lungalunga, ambao hawajapigiwa simu ya aina hii au hawamjui aliyepigiwa. Tangu M-Pesa ianzishwe mwaka 2007, rununu imekuwa mkoba, benki na sanduku la chama kwa pamoja. Hapo ndipo ilipo karo ya watoto, pesa za kununulia mzigo Kongowea na zile anazotuma dada aliyeko Saudia. Mwizi naye amehamia huko huko.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba tapeli wa simu kwa kawaida havunji mfumo wa kampuni wala wa benki. Pesa hutoka kwa sababu mwenyewe ametaja nambari ya siri, amesoma msimbo uliotumwa kwa simu yake, au amebonyeza alichoambiwa abonyeze. Tapeli ana silaha mbili tu: habari chache anazozijua kukuhusu, na haraka. Ukimnyima haraka, amebaki mikono mitupu. Kwa hivyo kinga kubwa kuliko zote ni hii: kata simu, kisha upige wewe mwenyewe kwa nambari unayoijua.

WANAJUAJE JINA LANGU?

Wengi hudanganyika kwa sababu mpigaji anajua jina na hata nambari ya kitambulisho. Lakini habari hizo hazifichiki sana. Anayetaka kukutumia pesa huona jina lako kabla ya kukamilisha muamala. Kila unapoingia kwenye jengo la ofisi unaandika jina, kitambulisho na nambari ya simu katika daftari la mlinzi, na anayefuata anaweza kulisoma. Nakala za vitambulisho huachwa kwenye mashine za saiba tunakochapishia fomu. Namba za wanachama huonekana na kila aliye kwenye kundi la WhatsApp.

Mtu kulijua jina lako si ushahidi kwamba anatoka kwenye kampuni.

MBINU ZINAZOTUMIKA SANA

Simu ya huduma kwa wateja. Safaricom imekuwa ikiwaeleza wateja wake kwamba ikiwapigia hutumia nambari moja tu, 0722 000 000. Hata hivyo, usitegemee nambari peke yake. Mfanyakazi wa kweli, wa kampuni ya simu au wa benki, hahitaji nambari yako ya siri kwa kazi yoyote. Anayeiuliza, hata akiomba uitaje kinyumenyume au uijumlishe na mwaka wako wa kuzaliwa, ni mwizi. Jihadhari pia na anayekuambia upige msimbo unaoanza na *21* ukifuatiwa na nambari ya simu. Hiyo ni amri ya kuelekeza simu zako kwa mtu mwingine, ili benki ikikupigia ipokelewe na yeye. Ukishuku umefanyiwa hivyo, piga ##002# kufuta maelekezo yote ya simu.

Pesa zilizotumwa kimakosa. Unapata arafa kwamba umepokea Sh3,500, kisha mtu anapiga akilia kwamba alikosea nambari na pesa zilikuwa za hospitali. Angalia kwanza imetoka wapi: arafa ya kweli hutoka kwa jina MPESA, si kwa nambari ya mtu. Kisha angalia salio lako mwenyewe. Ikiwa pesa hazipo, umekaribia kutuma zako. Ikiwa zipo kweli, bado usizirudishe kwa mkono wako, kwa sababu huenda zimeibwa kwa mwingine, au aliyezituma akaomba pia kurejeshewa na kampuni ukalipa mara mbili. Mwambie kwa upole: "Tuma ule ujumbe wa muamala kwa 456, nami sitazigusa." Mwenye haki atafanya hivyo, tapeli atakutukana.

Kubadilishwa laini. Hapa tapeli huhamishia nambari yako kwenye kadi mpya iliyo mkononi mwake. Dalili yake ni simu yako kupoteza mtandao ghafla mahali ambapo majirani wanao. Akishaipata nambari, misimbo yote ya benki inamfikia yeye. Usichukulie kupotea kwa mtandao kuwa jambo la kungojea hadi kesho. Azima simu ya jirani upige kampuni saa hiyo hiyo.

Malipo bandia dukani. Mwenye duka, mwendesha boda boda na muuza samaki ndio walengwa. Mteja anaonyesha arafa kwenye simu yake au anatuma ujumbe uliotungwa ufanane na wa M-Pesa, kisha anaondoka na bidhaa. Kanuni ni kuamini simu yako, si ya mteja. Bidhaa isitoke hadi ujumbe ufike kwenye simu ya biashara, na ukiwa na shaka angalia salio. Mteja mwema hatakasirika kwa dakika moja ya kungoja.

Msimbo wa WhatsApp. Rafiki anaandika: "Nimekutumia tarakimu sita kimakosa, nisomee." Si rafiki, akaunti yake imetekwa, na hizo tarakimu ndizo ufunguo wa yako. Ukizisoma, baada ya saa moja jina lako litakuwa likiomba mkopo kwa jamaa zako wote. Yeyote anayekuomba pesa kwa maandishi, mpigie usikie sauti yake kabla hujatuma.

Mtoto amelazwa. Mpigaji anajifanya mwalimu wa shule ya bweni au muuguzi na anataka pesa za matibabu mara moja. Hofu ya mzazi ndiyo mtaji wake. Kata, piga nambari ya shule uliyopewa siku ya kumsajili mtoto.

Kazi za Ghuba. Vijana wetu wengi wanatafuta ajira Saudia, Qatar na Oman, na matapeli wanalijua hilo. Hutangaza nafasi mitandaoni na kudai ada ya uchunguzi wa afya au ya viza itumwe kwa nambari ya mtu binafsi. Kabla ya kutuma shilingi, hakikisha shirika hilo limesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira (NEA), kisha ufike ofisini kwao kwa miguu yako.

MAMBO YA KUFANYA LEO

Haya yanahitaji dakika chache tu, na ni rahisi zaidi kuyafanya kabla ya msiba.

1. Kwa laini ya Safaricom, piga *100*100# ili nambari yako isiweze kubadilishwa kadi kiholela bila wewe kufika dukani kwao.

2. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, iripoti. Laini iliyosajiliwa kwa jina lako ikitumika kuiba, polisi watakuja kwako kwanza.

3. Weka nambari ya siri kwenye kadi ya simu yenyewe, si kwenye skrini pekee. Anayekupora simu kivukoni Likoni au kwenye matatu huchomoa kadi na kuiweka kwenye simu nyingine. Kadi iliyofungwa haitamfaa. Iandike mahali salama nyumbani, maana ukiikosea mara tatu kadi hujifunga.

4. Badilisha nambari ya siri ya M-Pesa ikiwa ni mwaka wako wa kuzaliwa au 1234. Ile ya benki isiwe sawa na ya M-Pesa. Usiihifadhi kwenye simu kwa jina la "Mpesa".

5. Kwa wakala, bonyeza nambari yako ya siri wewe mwenyewe, mkono mwingine ukifunika. Ikiwa huoni vizuri, nenda na mtoto wako au jamaa unayemwamini. Usimpe simu kijana aliyesimama karibu.

6. Pakua programu ya benki kutoka duka rasmi la programu pekee, si kwa kiungo ulichotumiwa. Kwenye saiba, usifungue akaunti ya benki, na ukimaliza kutumia barua pepe hakikisha umetoka kabisa.

7. Ukiona dirisha la malipo limejitokeza kwenye simu likitaka nambari ya siri na hukuanzisha malipo yoyote, lifunge. Ukiweka nambari ya siri hapo, umelipa.

8. Hifadhi nambari ya dharura ya benki yako kwenye karatasi pia. Simu ikiibwa, imeondoka na nambari zote.

UKISHAIBIWA

Hapa ndipo wengi hupoteza zaidi, kwa sababu ya aibu. Mtu huficha, hata kwa mumewe au mkewe, akitumaini mambo yatajirekebisha. Wakati huo pesa zinapita kutoka laini moja hadi nyingine. Zikiwa bado kwenye akaunti ya aliyezipokea zinaweza kuzuiwa. Zikishatolewa kwa wakala, kuzirudisha ni kazi ngumu.

Kwa hivyo fanya haya kwa mpangilio huu. Kwanza, piga 100 kutoka laini yoyote ya Safaricom, hata ya jirani, uombe M-Pesa na laini yako zizuiwe. Pili, piga benki yako kwa nambari iliyo nyuma ya kadi ya ATM. Tatu, ikiwa ulituma pesa wewe mwenyewe, peleka ujumbe wa muamala kwa 456. Nambari ya tapeli nayo iripoti kwa 333. Nne, uliza kuhusu mikopo: aliyepata nambari yako ya siri huchukua pia Fuliza, M-Shwari na KCB M-Pesa kwa jina lako. Eleza mapema kwamba si wewe uliyekopa.

Baada ya hapo, usifute ujumbe wowote. Andika saa, nambari na kiasi, uende kituo cha polisi ukapate nambari ya OB, ambayo kampuni na benki zinaweza kuihitaji. Idara ya Upelelezi wa Jinai (DCI) ina nambari isiyolipishwa ya kupokea taarifa, 0800 722 203. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ilipopitishwa mwaka 2018 ilifanya ulaghai wa kumtoa mtu siri zake kwa ujumbe kuwa kosa la jinai, lenye faini isiyozidi Sh300,000, kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili.

Waarifu pia jamaa na wanachama wa chama, kwa sababu tapeli aliyekupata wewe atatumia jina lako kwao. Na mwepuke mwizi wa pili: yule atakayejitokeza akidai anaweza kukurudishia pesa zako kwa ada kidogo.

WAZEE NA VIJANA NYUMBANI

Wanaoumia zaidi ni wazee ambao simu ilinunuliwa na watoto, na nambari ya siri ikawekwa na watoto. Kuwakaripia hakusaidii, mzee aliyekaripiwa hatasema siku akiibiwa tena. Keti naye, mweleze maneno mawili ya kumwambia mpigaji yeyote anayetaja pesa: "Nitamuuliza mwanangu." Kisha akate. Hayo yanatosha. Na wewe mwanawe, ukipigiwa na mzee kuuliza, pokea simu.

Vijana nao waelezwe kwamba kumwazima mtu laini, kitambulisho au akaunti ya benki "ipitishie pesa" kwa malipo kidogo ni kujiingiza katika wizi. Akaunti ikifuatwa, jina linalopatikana ni la mwenye kitambulisho, si la aliyekula pesa.

Kesho asubuhi simu ile ile italia katika nyumba nyingine, kwa sauti ile ile ya upole. Hakuna deni la heshima kwa mtu usiyemjua anayekuzuia kukata simu. Mwenye kazi halali atakusubiri upige mwenyewe. Msomee haya mama, shangazi na jirani muuza mboga leo jioni, kabla simu haijawafikia.