Bob alipotimiza miaka 60: usiku wa Addis, usiku wa Ihanja

Nilikuwa kimya wiki mbili hizi kwa sababu nilikwenda nyumbani Ihanja kwa shughuli ya familia. Kwa asiyepajua, Ihanja iko mkoani Singida, wilaya ya Ikungi, ile iliyomegwa kutoka Singida Vijijini mwaka 2012. Ni nchi ya alizeti, mtama, kuku wa kienyeji na upepo usiochoka.

Nikiwa huko nilipita mahali palipokuwa na kibanda cha kinyozi cha marehemu baba yangu mdogo. Kibanda hakipo tena. Umebaki ubao mmoja tu, ambao jirani ameufanya mlango wa banda la kuku. Juu ya ubao huo bado anaonekana Bob Marley. Rangi imepauka na jicho moja limeliwa na mchwa, lakini ni yeye.

Nilisimama pale mpaka jirani akaniuliza kama nataka kununua kuku.

Basi bwana, ubao ule umenirudisha Februari 2005, nikiwa mtoto wa darasa la tatu. Leo naomba niandike kuhusu tamasha moja kubwa ambalo baba mdogo hakulihudhuria, hakuliona kwenye televisheni, na bado hakuna mtu niliyemfahamu aliyelikumbuka kuliko yeye.

Tamasha lenyewe

Bob Marley alizaliwa tarehe 6 Februari 1945 huko Nine Mile, kijiji cha milimani nchini Jamaika. Alifariki Miami, Marekani, tarehe 11 Mei 1981 akiwa na miaka 36 tu. Kwa hiyo Jumapili ya tarehe 6 Februari 2005 ndiyo siku ambayo angetimiza miaka 60.

Mjane wake, Rita Marley, na familia waliamua kwamba safari hii sherehe isifanyike Jamaika bali Addis Ababa. Wakaiita Africa Unite. Mahali palikuwa Uwanja wa Meskel, katikati ya jiji, bila kiingilio. Waliojitokeza walikadiriwa kuwa zaidi ya watu 200,000.

Jukwaani walipanda watoto wa Bob: Ziggy, Stephen, Julian, Damian na Ky-Mani. Akapanda Rita na wenzake wawili wa I-Threes, Marcia Griffiths na Judy Mowatt, wale kina mama waliokuwa wakimwitikia Bob enzi za uhai wake. Afrika ikawakilishwa na vigogo: Angélique Kidjo wa Benin, Youssou N'Dour na Baaba Maal wa Senegal. Hapo ujue ni watu ambao kila mmoja anaweza kujaza uwanja kwa jina lake, lakini siku hiyo wote walikuja kuimba nyimbo za mtu mmoja.

Uwanja wenyewe una historia yake. Meskel ni msalaba. Wakati wa utawala wa kijeshi wa Derg uliitwa Uwanja wa Mapinduzi, na ni hapo ambapo Aprili 1977 Mengistu Haile Mariam alivunja chupa zilizojaa kimiminika chekundu kama damu, kuonyesha yatakayowapata maadui wake. Kipindi cha mauaji kilichofuata Waethiopia wanakiita Ugaidi Mwekundu. Mwaka uliofuata tu, 1978, Bob Marley aliitembelea Ethiopia hiyo hiyo. Mfalme aliyemwimba, Haile Selassie, alikuwa amepinduliwa mwaka 1974 na kufa mwaka 1975, na wakubwa wapya hawakutaka hata kumsikia. Bob alienda hivyo hivyo.

Habari ya mifupa

Sasa tuje Ihanja. Kabla ya tamasha, mwezi Januari, vyombo vya habari duniani vilitangaza kwamba Rita Marley anataka kufukua mabaki ya mumewe Nine Mile na kuyazika upya Shashemene, kusini mwa Addis. Shashemene ndipo Haile Selassie alipotoa hekta 200 hivi kwa ajili ya watu weusi wa Magharibi waliotaka kurejea Afrika. Marasta kutoka Jamaika na visiwa vingine walihamia hapo, ingawa Derg ilikuja kuwanyang'anya sehemu kubwa ya ardhi hiyo.

Habari ile ilizua zogo Jamaika. Taasisi ya Bob Marley ikakanusha. Lakini redio ikishasema imesema, na kanusho halitembei haraka kama habari yenyewe.

Kibandani kwa baba mdogo mjadala ulichukua siku nne. Nakumbuka vizuri kwa sababu nilikuwa napelekwa kunyolewa na kuachwa hapo nusu siku, kichwa kimenyolewa upande mmoja, kinyozi anabishana huku mkasi uko hewani.

Wazee hawakumjua Bob. Walimwita "yule wa kwenye ubao". Lakini suala la maiti kurudishwa nyumbani walilijua kuliko redio. Kwetu mtu akifia Dar, Mwanza au Arusha, ukoo unachangishana hata kwa kuuza ng'ombe ili azikwe kwao. Kwa hiyo swali halikuwa la muziki hata kidogo. Swali lilikuwa: kwao ni wapi?

Mzee mmoja alisema kwao mtu ni pale kitovu chake kilipozikwa, basi Bob abaki Jamaika. Mwingine akasema babu zake Bob walichukuliwa kwa minyororo, kwa hiyo huko Jamaika ni ugenini hata angezaliwa mara kumi, arudishwe. Wa tatu akauliza gharama za kusafirisha atalipa nani. Watu wakacheka, lakini naye alikuwa na hoja.

Baba mdogo alikuwa upande wa kurudishwa. Alikuwa na hakika kabisa.

Waethiopia wenyewe, nilikuja kusoma baadaye, walikuwa wametoka kwenye jambo kama hilo. Mabaki ya Haile Selassie yaligunduliwa mwaka 1992 yakiwa yamefukiwa katika eneo la ikulu, na yakazikwa kwa heshima katika Kanisa Kuu la Utatu Mtakatifu, Addis, tarehe 5 Novemba 2000. Rita Marley alikuwepo. Marasta wengi walikataa kwenda, kwa sababu kwao mfalme hajafa, na huwezi kumzika asiyekufa.

Usiku wa tarehe 6

Ilikuwa msimu wa palizi. Baba mdogo alitoka shambani mapema, akachukua betri za redio na kuzianika juani juu ya bati. Wa kizazi cha simu hamjui: betri ikichoka unaianika, inapata uhai wa dakika chache. Jioni akaketi kusubiri taarifa ya habari. Addis ilitajwa. Sijui ilitajwa kwa sekunde ngapi, lakini ilitajwa, kisha redio ikaanza kuongea kama mtu mwenye mafua, halafu ikanyamaza.

Hapo ndipo akafanya lake. Akaazima betri kutoka kwenye tochi za majirani wawili, akaleta kaseti zake tatu, akatoa benchi nje. Walikuja watu kama 12 hivi, nikiwemo mimi na dada yangu, na mama mmoja aliyekuja kudai tochi yake akaishia kukaa. Upepo ulikuwa unapuliza. Kaseti moja ilikwama, ikanyooshwa kwa kuzungushwa na kalamu. Hilo ndilo lilikuwa tamasha la Ihanja la miaka 60 ya Bob Marley, na mimi ni shahidi.

Baba mdogo alikuwa na daftari la nyimbo za Bob. Kiingereza hakukijua, aliishia darasa la saba. Aliandika alivyosikia, kwa tahajia ya Kiswahili, kisha akawa anamfuata mwalimu wa shule ya msingi amweleze maana. Usiku ule aliimba akitazama daftari kwa mwanga wa kibatari.

Nilipofika kidato cha pili aliniomba nilipitie. Nikalipitia kwa kalamu nyekundu. Nusu ya maneno yalikuwa makosa, na mimi nikayasahihisha yote kwa fahari ya mtoto wa sekondari. Alishukuru sana. Lakini sikumbuki kumwona akiimba kwa kutumia daftari lile tena.

Waliokuwepo

Mwaka 2019 nilipita Addis kwa semina ya waandishi. Nilichotaka kuona ni Meskel. Ni uwanja mpana kandokando ya barabara, upande mmoja una ngazi zinazopanda kama za uwanja wa mpira. Nikaanza kuuliza watu: ulikuwepo 2005?

Dereva teksi mmoja alikuwepo. Nikategemea atanisimulia habari za Ziggy au Kidjo. Alichokumbuka ni kurudi nyumbani kwa miguu usiku, baridi kali, njia nzima watu wasiojuana wanaimba pamoja. Mhudumu wa hoteli yeye alikuwa kijana muuza kolo, zile shayiri za kukaanga. Aliniambia hakuona jukwaa hata mara moja, aliona migongo. Lakini hakuwahi kuuza kama siku ile. Mama mmoja muuza kahawa alisema hakwenda, ila mumewe alikwenda, akarudi bila sauti.

Hakuna hata mmoja aliyenitajia orodha ya wasanii. Orodha iko kwenye filamu ya Stephanie Black kuhusu tamasha hilo, iliyotoka mwaka 2008. Watu walibaki na baridi, migongo, sauti iliyokauka. Nikamkumbuka mama wa tochi.

Maneno ya nani?

Kuna jambo ambalo baba mdogo angelipenda, sikuwahi kumwambia. Wimbo "War", wa mwaka 1976, maneno yake mengi yanatoka kwenye hotuba ya Haile Selassie katika Umoja wa Mataifa, New York, Oktoba 1963. Yaani maneno yalitoka kwa mfalme wa Addis, yakasemwa New York, yakafanywa wimbo Kingston, na hatimaye yakarudi Afrika kwenye kaseti.

Na wimbo wake maarufu kuliko karibu zote, "No Woman, No Cry", kwenye karatasi mtunzi wake ni Vincent Ford, rafiki aliyekuwa akiwapikia maskini wa mtaa wa Trenchtown. Mpaka Ford anafariki mwaka 2008, watu waliendelea kubishana nani hasa aliutunga.

Zimbabwe nako, usiku wa tarehe 17 kuamkia 18 Aprili 1980, Bob alipiga kwenye sherehe za uhuru katika uwanja wa Rufaro, Salisbury, ambayo leo ni Harare. Alijigharamia usafiri wa vyombo. Wananchi waliozuiwa nje walisukuma mageti, polisi wakapiga mabomu ya machozi, na moshi ukamfikia hadi jukwaani. Kesho yake akapiga tena, kwa ajili ya wale walioachwa nje. Sisi Watanzania tuna sehemu yetu kwenye uhuru ule, maana Kamati ya Ukombozi ya OAU ilikuwa na makao Dar es Salaam.

Kwao ni wapi

Baba mdogo alihamia Dar mwaka 2009, akafungua saluni Manzese. Alifariki 2013. Wateja wake na wapangaji wenzake walitaka azikwe hapo hapo jijini, walishaanza hata kuchangishana. Ukoo ukasema haiwezekani. Nilikuwa nimeketi kwenye kikao kile, nikasikia hoja zile zile za mwaka 2005, hadi ile ya gharama atalipa nani. Safari hii hakuna aliyecheka. Tukamsafirisha usiku kucha, karibu kilomita 700.

Nilifikiri tulikuwa sahihi. Yeye mwenyewe si ndiye aliyetaka Bob arudishwe? Lakini Manzese walilia kwamba tumewachukulia mtu wao, na sikuwa na jibu la kuwapa.

Siku hizi nikipanda daladala ya Sinza huwa nawaza. Kondakta anaita "Kwa Remmy!" Kituo hicho kinamtaja Remmy Ongala, mtunzi aliyezaliwa mashariki ya Kongo, akaja Dar 1978, akatuimbia maisha yetu mpaka alipofariki Desemba 2010. Hakurudishwa Kongo, alizikwa Dar. Jina lake linaitwa kila siku, na wanaoliita wengine hawajawahi kusikia wimbo wake hata mmoja.

Bob yuko Nine Mile hadi leo, hakuhamishwa. Mwaka 2017 serikali ya Ethiopia ilianza kuwapa marasta wa Shashemene vitambulisho vya ukaazi, baada ya miongo mingi ya kuishi bila uraia. Walio hai ndio waliopata karatasi za nyumbani.

Daftari ninalo. Shangazi alinipa safari hii. Nimejaribu kuusoma mwandiko wake chini ya wino wangu mwekundu, na sehemu nyingine hausomeki tena. Nimeanza kunakili upya, kwa tahajia yake, kama alivyosikia. Nimefika ukurasa wa tisa.

Wewe mdau, tarehe 6 Februari 2005 ulikuwa wapi? Na kule kwenu, kwenye ubao wa kinyozi, walichora nani?

Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.