Ukanda wa Saa na Saa za Eneo: Maneno Mawili, Kazi Mbili

Ukitoka Mbeya mjini kwa barabara kuu iendayo Zambia, mwendo wa kilomita mia na ushei unakufikisha Tunduma. Ng'ambo ya mpaka ni Nakonde. Ukivuka saa nne asubuhi, unaingia Nakonde saa tatu. Tangu Oktoba 2019 pana kituo cha forodha cha pamoja ambako maofisa wa nchi zote mbili hufanya kazi bega kwa bega, lakini saa zao bado zinapishana kwa saa nzima. Simu zinazojirekebisha zenyewe hazitulii hapo: zikinasa mnara wa Zambia zinarudi nyuma, zikinasa wa Tanzania zinakwenda mbele. Ni hivyo hivyo Kasumulu, kwenye mpaka wa Malawi. Anayefanya biashara kwenye mipaka hiyo hujifunza mapema kuuliza kabla ya kuahidiana: saa za huku au za kule?

Seva haiulizi. Kompyuta hizi zinazowahudumia watu kupitia mtandao hupewa kazi za kufanya bila mtu kuwapo: kutengeneza nakala rudufu ya kumbukumbu, kukokotoa riba, kuwatumia wadaiwa ujumbe wa kuwakumbusha. Katika mifumo ya jamii ya Unix msimamizi wa kazi hizo ni programu iitwayo cron, iliyokuwamo tayari katika toleo la saba la Unix la mwaka 1979. Cron husoma mstari wenye nafasi tano: dakika, saa, tarehe, mwezi na siku ya juma. Nyota ikikaa kwenye nafasi, maana yake ni "yoyote". Basi 0 2 * * 1 ni amri ya kila Jumatatu, saa 02:00 kamili.

Kazi ya namna hiyo naiita kazi ya ratiba. Wapo wanaoandika "kazi iliyoratibiwa", lakini kuratibu kwetu ni kuunganisha shughuli za watu wengi, kama afanyavyo mratibu wa mradi. "Kazi ya zamu" nayo imekwisha kuchukuliwa na wauguzi na walinzi. Ratiba kila mtu anaijua tangu darasani.

Mzungumzaji wa Kiswahili ana hatua moja ya ziada kabla hajaandika mstari huo, kwa kuwa hesabu yetu ya saa inafuata jua. Saa nane usiku ni 02:00, na anayeandika 8 kwenye nafasi ya saa ameamuru kazi ifanyike saa mbili asubuhi, wakati ofisi zinafunguliwa na watu wanaanza kuitumia seva. Hilo huzoeleka upesi, maana tofauti ni sita siku zote. Siku ndiyo inayoponza zaidi. "Jumatatu saa nane usiku" ni usiku upi? Kwa mmoja ni usiku wa kuamkia Jumatatu, kwa mwingine ni usiku unaofuata baada ya Jumatatu kuchwa. Cron inafuata wa kwanza, kwa kuwa kwake siku hubadilika saa sita usiku. Neno "kuamkia" linaondoa utata huo wote, na ningependa kuliona katika kila mwongozo wa kazi za ratiba unaoandikwa kwa Kiswahili.

Tukishaelewana kuhusu saa na siku, inabaki mahali. Hapa Kiswahili kina maneno mawili yanayozagaa: simu nyingi zenye Kiswahili huandika "saa za eneo", na waandishi wengi husema "ukanda wa saa". Watu huyatumia kama kitu kimoja. Mimi nadhani tuna bahati ya kuwa nayo mawili, kwa sababu mambo yenyewe ni mawili.

Ukanda wa saa ni tofauti tu kati ya saa ya mahali na saa za dunia, zile zinazojulikana kwa herufi UTC. Tanzania iko saa tatu mbele. Iringa na Mbeya zimo katika ukanda huo ingawa jua la Mbeya liko nyuma ya la Iringa kwa dakika tisa hivi, na nyuma ya la Dar es Salaam kwa dakika zaidi ya ishirini. Nairobi imo, Riyadh imo, Istanbul imo. Zambia, Malawi na Lubumbashi ziko saa mbili mbele.

Saa za eneo ni kitu kipana zaidi: ni kanuni zote ambazo mahali pamezifuata na panazifuata, pamoja na mabadiliko yake. Kompyuta huzitunza katika hazina moja inayotumika duniani kote, na humo kila eneo hupewa jina la mji: Africa/Dar_es_Salaam, Africa/Lusaka, Africa/Juba. Mbeya na Iringa hazina jina lao, zinaingia kwa jina la Dar es Salaam. Na Dar es Salaam yenyewe imeunganishwa na Nairobi, kama Lusaka na Blantyre zilivyounganishwa na Maputo.

Kwa nini tujisumbue kutofautisha? Tarehe 1 Februari 2021 Sudan Kusini ilirudisha saa zake nyuma kwa saa moja. Ilihama ukanda, kutoka wa tatu kwenda wa pili, lakini eneo likabaki Africa/Juba. Aliyeandika kwenye seva yake "+3" alilazimika kuzipitia ratiba zake moja moja. Aliyeandika jina la eneo alihitaji tu hazina yake iwe imesasishwa.

Tuchukue mfano wa karibu zaidi na Nyanda za Juu Kusini. Kahawa ya Mbozi, mkoani Songwe, ni arabika, na bei ya arabika duniani hufuata soko la New York, linalofunga biashara saa 7:30 mchana kwa saa za huko. Wamarekani husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Kwa hiyo mwaka ule ule mmoja, soko hufungwa saa 2:30 usiku kwa saa zetu, kisha saa 3:30 usiku. Tuseme chama cha ushirika kina seva inayochukua bei ya kufungia saa 2:45 usiku kwa saa za Afrika Mashariki. Kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Novemba wakulima watapata bei sahihi. Baada ya hapo watapata bei ya soko ambalo bado linaendelea, na hakuna kengele itakayolia, kwa kuwa kazi imefanyika na namba imepatikana. Ratiba ya kazi hiyo inapaswa kufuata eneo la New York.

Sisi hatusogezi saa, kwa hiyo wengi hudhani ukanda unatutosha. Haututoshi. Seva nyingi za kukodi huja zikiwa zimewekwa kwenye saa za dunia. SACCOS ya Iringa ikitaka kukokotoa riba kila tarehe 1 saa nane usiku, hiyo kwa saa za dunia ni 23:00 ya siku ya mwisho ya mwezi uliotangulia: 28, 29, 30 au 31. Nafasi tano za cron ya kawaida hazina njia ya kusema "siku ya mwisho ya mwezi". Fundi atakayeandika 31 atairuka miezi mitano. Pale programu inapokubali kuandikiwa jina la eneo, aandike Africa/Dar_es_Salaam na tatizo limekwisha. Isipokubali, asogeze kazi hadi saa kumi alfajiri, yaani 01:00 kwa saa za dunia, kwa kuwa kuanzia saa tisa usiku hadi saa sita usiku inayofuata tarehe yetu na tarehe ya dunia ni moja.

Ombi langu kwa BAKITA, kwa wafasiri wa programu na kwa walimu wa vyuo vya Mbeya na Iringa wanaofundisha somo hili ni kwamba wayatenge maneno haya mawili: ukanda wa saa uwe jina la tofauti, saa za eneo ziwe jina la kanuni za mahali. Nawe unayeandika ratiba ya seva leo, andika saa kwa hesabu ya 24, na kando yake uandike jina la eneo.